Dawa Kali Si Dawa Bora: Acheni Kuziua Kabureta Zenu kwa Kuziloweka Ovyo

Leo siongelei mbolea wala viwavi. Naongelea kopo.

Unalijua kopo lenyewe. Linakaa chini ya benchi la fundi, lina maji meusi ambayo hata mwenyewe hajui tena kama ni petroli, tina au masalia ya vyote viwili. Kila kabureta ya kijiji hutumbukizwa humo, iwe ya pikipiki, ya jenereta au ya mashine ya maji. Inaingia asubuhi, inatoka jioni. Injini ikiwaka, kopo limesifiwa. Isipowaka, unaambiwa "kabureta imekufa, leta hela tununue nyingine."

Mimi nasema kabureta nyingi zinazotupwa hazikufa. Zimeuawa. Zimelowekwa kwenye dawa isiyofaa, kwa muda usiofaa, zikiwa na mipira na plastiki zake ndani. Kisha mwenye mashine ndiye anayelipa mara mbili: analipa fundi, halafu analipa duka la vipuri. Jambo hili limekaa kimya muda mrefu mno, na najua nikilisema nitawaudhi baadhi ya mafundi. Wanisamehe, lakini waendelee kusoma.

Kwa nini afisa ugani anaongelea kabureta?

Kwa sababu kabureta ni sehemu ya shamba lako. Mkulima wa nyanya wa Ilula au wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni anayemwagilia kwa mashine hategemei mvua. Anategemea tundu dogo la shaba lililo ndani ya kabureta, ambalo upana wake haufiki milimita moja. Tundu hilo likiziba wiki ambayo nyanya zinatoa maua, maua yatadondoka. Ukikausha shamba siku nne halafu ukafidia kwa kulijaza maji siku ya tano, matunda yataoza kitako, kwa sababu mmea unaopata maji kwa kubahatisha haufikishi madini ya chokaa kwenye tunda ipasavyo. Hapo utakuja kuniuliza dawa ya kupulizia, na mimi sitakuwa nayo, kwa sababu ugonjwa hauko shambani. Uko kwenye kabureta.

Na wewe mwenye duka, mwenye saluni, unayechaji simu au kuuza vinywaji baridi kwa jenereta, hesabu yako ni hiyo hiyo. Siku injini haiwaki, huuzi.

Kosa la kwanza: kudhani uchafu wote ni mmoja

Mtu akija kwangu na kuuliza "niloweke kwa dawa gani?", nami humuuliza "uchafu gani?" Hapo wengi hukwama. Hatuwezi kuchagua dawa kabla ya kujua ugonjwa. Kwenye mahindi hatufanyi hivyo, iweje tufanye kwenye injini?

Fungua kikombe cha chini cha kabureta, uangalie kwenye mwanga wa jua, ukwangue kidogo kwa njiti ya kiberiti. Utakuta mojawapo ya haya, au zaidi ya moja:

1. Grisi na vumbi. Ni uchafu mweusi, laini, unaopakaza kidole. Mara nyingi uko nje ya kabureta. Umetokana na mafuta ya injini na vumbi la barabara.

2. Utando wa petroli ya zamani. Una rangi ya kahawia au ya asali, unang'aa, pengine unanata na pengine umekauka kama vanishi ya mlango. Unatokea pale petroli inapoachwa ndani ya kabureta wiki nyingi. Sehemu nyepesi ya petroli inaruka hewani, nzito inabaki na kuganda. Huu ndio unaoziba jeti.

3. Unga mweupe. Ni kutu ya alumini na zinki, na imeletwa na maji. Maji yalikuwa ndani ya petroli, yakakaa chini ya kikombe kwa sababu ni mazito kuliko petroli, yakaanza kula chuma. Kwenye shaba utaona rangi ya kijani.

4. Mchanga, tope na kutu nyekundu. Hivi havikuzaliwa ndani ya kabureta. Vimetoka kwenye tangi, kwenye dumu au kwenye chupa uliyonunulia mafuta.

Sasa jiulize, ni maji gani ya kwenye kopo moja yatakayoondoa grisi, vanishi, kutu na mchanga kwa pamoja bila kugusa chuma chenyewe? Hakuna. Anayekuambia ipo anakuuzia maneno.

Petroli: mazoea yanayotugharimu

Dawa inayotumika zaidi vijijini ni petroli. Sababu ni rahisi, ipo karibu. Lakini fikiri kidogo nami. Kabureta inakunywa petroli kutwa nzima, msimu mzima. Kama petroli ingekuwa na nguvu ya kuondoa ule utando mgumu wa kahawia, utando huo usingedumu humo ndani. Petroli mpya inaweza kulainisha utando mchanga, hilo silikatai, na grisi inaitoa vizuri. Lakini vanishi iliyokauka miezi mitatu haitoki kwa kulowekwa kwenye kitu kile kile kilichoizaa.

Hilo ni la faida. La hatari ni kubwa zaidi. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba hapa kwetu, saa yoyote, mchana au usiku, beseni la petroli lililo wazi lina mvuke ulio tayari kuwaka. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea, unatambaa chini kama maji, unafuata sakafu hadi kwenye jiko la mkaa la mama ntilie aliye upande wa pili wa ukuta. Moto ukitokea huko, unarudi kwa njia ile ile hadi kwenye beseni lako.

Mafuta ya taa ni afadhali kwa kazi hiyo hiyo ya grisi. Ili mvuke wake ushike moto yanahitaji kufikia nyuzi 38 au zaidi, kwa hiyo kivulini hayana ukali wa petroli. Bado yanawaka, usiyaache juani wala karibu na jiko, lakini tofauti kati ya hivi viwili ni tofauti kati ya mbwa aliyefungwa na mbwa aliyefunguliwa. Najua bei ya mafuta ya taa siku hizi si ile ya zamani. Lakini kabureta moja haihitaji lita, inahitaji kikombe cha chai.

Halafu petroli ina benzeni, ambayo inajulikana kusababisha saratani ya damu. Inapita kwenye ngozi, inavutwa puani. Kijana wa miaka kumi na minane anayechovya mikono humo kila siku bila glavu, na kufyonza mpira wa mafuta kwa mdomo, anajiwekea deni la uzeeni. Wenye mafundi wanafunzi, hilo ni jukumu lenu.

Vikali: maji makali, kostiki, jiki na soda

Hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Kuna ushauri unaozunguka kwenye makundi ya simu kwamba kabureta iliyoshindikana uiloweke kwenye maji makali ya betri, au kwenye kostiki ya kutengenezea sabuni, au kwenye jiki. Anayetuma anaonyesha picha ya kabureta inayong'aa kama mpya. Haonyeshi picha ya wiki mbili baadaye.

Mwili wa kabureta ndogo nyingi umetengenezwa kwa alumini, au kwa mchanganyiko wa zinki na alumini. Metali hizi mbili zina udhaifu usio wa kawaida: zinaliwa na asidi, na zinaliwa pia na kostiki. Pande zote mbili hazina ulinzi. Ukiona mapovu yanapanda, usishangilie kwamba uchafu unatoka. Kinachochemka ni kabureta yenyewe, na gesi inayotoka ni haidrojeni, ambayo ikikutana na cheche inalipuka. Ule mng'ao unaouona ni ngozi mpya baada ya ile ya zamani kuliwa. Vijia vidogo vya ndani vimepanuka, sehemu inapokaa sindano ya boya imechimbika, na sasa mafuta yatavuja usiku na mchana, na hakuna gasketi itakayoyazuia.

Jiki nayo ina klorini. Inachimba vishimo kwenye alumini na kwenye shaba. Na Mungu apishe mbali mtu achanganye jiki na siki au na maji makali akidhani anaongeza nguvu. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo inaunguza mapafu. Usichanganye dawa mbili za usafi, hata mara moja, hata kidogo.

Na soda nyeusi ya kunywa? Ndiyo, ina asidi ndani yake na inaweza kulegeza kutu ya msumari. Lakini ina sukari pia. Unatoa utando mmoja unaweka mwingine, na huo wa pili unavuta sisimizi. Kunywa soda yako.

Maji makali yakikurukia jichoni huna dakika ya kutafuta gari. Osha kwa maji safi mengi, mfululizo, dakika 15 hadi 20, ndipo uende kituo cha afya. Upofu ni bei kubwa mno kwa kabureta ya pampu ya inchi mbili.

Tina: dawa halali inayotumiwa vibaya

Tina ni suala tofauti. Ninazungumzia ile ya kuchanganyia rangi ya kupulizia magari. Si tapentaini ya rangi ya mafuta. Hiyo nguvu yake inakaribiana na ya mafuta ya taa. Tina ya magari inayeyusha vanishi ya petroli kwelikweli. Hata zile dawa za kabureta za kopo la kupuliza zinazouzwa mjini nyingi zina viyeyushi vya ukoo huo huo.

Basi tatizo ni nini? Ni kutumbukiza kabureta nzima. Ndani yake kuna oringi za mpira, kuna gasketi, kuna boya la plastiki, kuna sindano yenye ncha ya mpira. Kabureta za pikipiki za aina fulani, na zile za misumeno ya miti na mabomba ya kupulizia dawa yenye injini, zina ngozi laini ya mpira inayocheza kwa hewa. Tina inavifanya hivi vyote vivimbe, vilegee au vikakamae. Unatoa kabureta safi, inayovuja. Fundi anasema "hizi za siku hizi ni mbovu." Kabla hujailaumu kabureta, uliza ililowekwa ikiwa na mipira yake au bila.

Tina nayo inawaka kama petroli, na mvuke wake unalevya. Kazi yake ni nje, penye upepo, kwenye kopo la chuma lenye mfuniko, kwa kiasi kidogo. Kuifanyia chumbani unapolala na watoto ni kuwadhulumu.

Fanya hivi badala yake

Sikatazi halafu nikakuacha njiani. Utaratibu wangu ni huu, na kila kitu kinapatikana gulioni au mji wa wilaya.

Kwanza, funga koki ya mafuta, mwaga mafuta ya kikombe, toa kabureta. Ondoa kila kilicho cha mpira na cha plastiki, ukiweke pembeni kwa mpangilio uliotokea. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua kila hatua. Skrubu ya kurekebisha mlio, ihesabu inazunguka mara ngapi hadi kukaza kabisa, andika, ndipo uitoe. Ukiisahau hesabu hiyo, hata kabureta safi itakusumbua.

Pili, grisi ya nje na ya ndani: maji ya moto na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Ndiyo, sabuni. Loweka dakika 20 hadi 30, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza. Mkulima akisikia hivi huona namtania, kwa sababu sabuni haina harufu ya ufundi. Lakini grisi ni grisi, iwe ya sufuria au ya injini. Kama imekomaa sana, anza na mafuta ya taa nusu saa, kisha sabuni.

Tatu, kama bado kuna utando wa kahawia: tina, kwenye kopo lenye mfuniko, nje. Mwili wa kabureta na kikombe, dakika 15 hadi 20, utoe, uangalie, urudishe kama bado. Jeti za shaba zinavumilia zaidi, unaweza kuziacha saa chache. Vaa glavu. Kama una uwezo wa kununua kopo la kupuliza, ni bora zaidi, kwa sababu lina mrija mwembamba unaofikisha dawa ndani ya vijia ambako kuloweka hakufiki.

Nne, kama kuna unga mweupe, na hapo tu: siki ya kawaida ya jikoni, iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa. Dakika 5 hadi 10, ukiwa umesimama hapo hapo, si kuiacha ukaenda msikitini au kanisani. Siki ni asidi pia, dhaifu, na ukiiacha usiku kucha itafanya kazi ya maji makali polepole. Ukitoa, osha mara moja kwa maji ya sabuni, kisha suuza kwa maji safi mara mbili au tatu.

Tano, kausha. Puliza vijia vyote kwa upepo, kisha uanike juani hadi kila tone liondoke. Tone moja la maji likibaki kwenye kijia, unga mweupe utarudi.

Sita, sehemu za mpira na plastiki zioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu tu. Zilizopasuka au kukakamaa badilisha. Oringi mpya haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya kabureta.

Kuloweka ni nusu ya kazi

Hata ukichagua dawa sahihi, kopo halifanyi kazi peke yake. Dawa inalainisha uchafu, haiutoi ndani ya tundu. Lazima upulize. Kama hakuna kompresa kijijini, pampu ya baiskeli inatosha kwa jeti. Kisha inua jeti usawa wa macho, utazame mbinguni. Lazima uone mwanga wa duara kamili. Ukiona nusu duara, bado.

Na hapa kuna uovu mwingine: kuchokonoa jeti kwa sindano, kwa waya wa breki au kwa ncha ya spoku. Shaba ni laini, chuma kinaikata. Jeti yenye tundu la milimita 0.7 ukiipanua ikawa 0.8, kwa macho huoni tofauti. Lakini eneo la tundu limeongezeka kwa takriban asilimia 31. Injini inaanza kunywa kupita kiasi, moshi mweusi, plagi nyeusi, na wewe unalalamikia bei ya mafuta kila mwezi wakati umejitoboa mfuko mwenyewe. Kama ni lazima kuchokonoa, tumia uzi mmoja wa waya laini wa shaba kutoka ndani ya waya wa umeme, au mshipi mwembamba wa nailoni wa kuvulia samaki. Upite bila kulazimishwa. Ukigoma, rudisha jeti kwenye tina.

Maneno ya watetezi wa kopo

Najua majibu yao, nimeyasikia.

Wanasema, "Tumefanya hivi miaka yote na injini zinawaka." Zinawaka, kweli. Hata shamba lisilopaliliwa linatoa magunia. Swali ni mangapi, na lingetoa mangapi. Hesabu kabureta ulizonunua miaka mitano hii, ndipo uje tuzungumze.

Wanasema, "Kabureta mpya ni rahisi, hakuna haja ya mambo mengi." Kama unga mweupe umeshachimba mwili wake, nakubali, nunua. Lakini kama uchafu umetoka kwenye tangi, kabureta mpya itaziba wiki ile ile. Huko ni kumeza panado ukiwa na malaria. Homa inashuka jioni, inarudi asubuhi.

Wanasema, "Mkulima ana haraka, hana muda wa hatua sita." Hatua hizi ni nusu siku. Kwenda mjini kutafuta kabureta inayofanana na yako, ukaletewa isiyofanana, ukarudi tena, ni siku ngapi? Nyanya hazisubiri nauli.

Wenye maduka, nanyi mna neno lenu

Ndugu mfanyabiashara, acha kupima tina, petroli na maji makali kwenye chupa za maji ya kunywa na za juisi. Mtoto wa miaka mitatu hasomi harufu. Anaona chupa anayoijua, anakunywa. Na akinywa petroli au mafuta ya taa, msimtapishe, wala msimpe maziwa kwa kumlazimisha. Akitapika, mafuta yanaingia kwenye mapafu, na hapo ndipo yanapoua. Mkimbizeni kituo cha afya, na mchukue chupa yenyewe mwende nayo.

Pima tina na petroli kwenye vyombo vya chuma, na maji makali kwenye madumu madogo, vyote vyenye alama nyekundu, uandike SUMU kwa herufi kubwa. Weka dukani makopo mawili matatu ya dawa ya kabureta ya kupuliza, oringi, gasketi na chujio za mafuta. Vinauzika. Utamsaidia jirani na utapata faida ya halali, kuliko kumuuzia kabureta ambayo unajua haihitaji.

Neno pia kwa wanaogawa mashine. Inakatwa utepe, zinapigwa picha, kikundi kinapewa pampu tatu, wageni wanapanda gari. Hakuna aliyewaonyesha akina mama wale skrubu ya kumwagia mafuta chini ya kikombe. Msimu wa pili pampu mbili ni makazi ya kuku. Baadaye inaandikwa ripoti kwamba "jamii haikumiliki mradi." Jamii ingemilikije kitu ambacho haikufundishwa kukifungua? Bisibisi moja na saa mbili za mafunzo vingetosha.

Dawa bora kuliko zote

Dawa bora ya kuloweka kabureta ni kutofika huko. Ukimaliza kumwagilia, usizime kwa swichi. Funga koki ya mafuta, iache injini ijizime yenyewe. Kikombe kitabaki bila mafuta ya kuganda. Msimu ukiisha, mwaga tangi na kikombe kabisa kabla ya kuweka mashine stoo. Mara moja kwa mwezi legeza ile skrubu ya chini, mwaga kidogo kwenye kopo jeupe utazame kama kuna maji au mchanga. Chuja petroli kwa kitambaa safi kila unapojaza, na usiweke tangini petroli iliyokaa miezi kwenye dumu.

Mwisho, uchafu uliotoka. Usiumwage mferejini wala karibu na kisima. Mafuta ya taa yaliyotumika yaache usiku kwenye kopo lililofunikwa, tope litazama chini, ya juu yatafaa kwa kuoshea tena. Tope na tina chafu vipeleke kwa fundi anayekusanya oili chafu. Maji hayo ya mferejini ndiyo unayomwagilia mchicha unaowalisha watoto wako.

Kesho lile kopo litakuwepo pale pale chini ya benchi. Wewe ndiye mwenye kabureta na wewe ndiye unayelipa. Kabla haijatumbukizwa, uliza maswali matatu: kuna uchafu gani, ni dawa gani, na mipira imetolewa? Fundi mzuri atafurahi kuulizwa. Asiyefurahi, chukua mashine yako uondoke.

Siku ya gulio nipo ofisi ya kata kuanzia saa tatu asubuhi. Mwenye kabureta iliyoziba aje nayo, na mswaki wake wa zamani, tuifungue pamoja.